Sweta la Kiti cha Nyuma

Kila kitu kilichotoka kwenye gari lile kilinuka petroli na kilijaa vipande vya kioo, isipokuwa sweta moja dogo la mtoto. Lilikuwa la manjano, limekunjwa vizuri kwenye kiti cha nyuma, kavu, na lina joto kama limevuliwa mwilini sasa hivi.

Gari lilikuwa la fundi umeme, lililopinduka naye mtaroni akitoka kazini. Yeye alikuwa nyumbani, mguu kwenye plasta, akitoa amri kama waziri. Mkewe, mwenye mimba kubwa, na mama yake mzazi ndio waliokwenda yadi kutoa vitu, maana mwenye yadi alishawaambia: kitakacholala humu, asubuhi msiniulize mimi. Walitoa ngazi, jeki, tairi la akiba, mabunda ya nyaya, redio, mpaka zulia la miguuni. Mke wa fundi aliliona sweta, akalitia guniani. Mama mkwe naye aliliona. Hakuna aliyeuliza.

Wangeulizana vipi? Hawakuwa wakisemezana tangu ugomvi wa sufuria, na ugomvi wa sufuria ulizaliwa na ugomvi mwingine. Mke alijua kabisa kwamba mama mkwe ndiye aliyelifuma sweta kwa siri, apate pa kujisifia mtoto akizaliwa. Mama mkwe naye alijua kabisa kwamba mkaza mwana wake ndiye aliyelinunua, kwa kuwa hakuiamini mikono ya mtu mwingine. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Kiburi kina subira kuliko punda.

Likafuliwa, likawekwa kabatini pamoja na nepi. Kesho yake lilikuwa sebuleni, limekaa kwenye kochi. Mke akalirudisha, akimsonya mama mkwe moyoni. Siku nyingine mama mkwe akalikuta jikoni, limetandazwa mbele ya jiko kama mtu anayeota moto. Akalirudisha, naye akisonya. Kisha ikaingia harufu ya maziwa yaliyochacha. Sufuria zikasuguliwa, ndoo zikamwagwa, kila mmoja akimnunia mwenzake kwa uchafu, na harufu haikutoka.

Halafu ukaanza wimbo. Adhuhuri, jua likiwa utosini na nyumba imetulia, mtu alikuwa akimbembeleza mtoto, anaimba puani, mdomo umefumbwa. Mara nyuma ya mlango, mara chini ya kitanda. Mke wa fundi alidhani ni mama mkwe anamsimanga. Lakini lilikuwepo jambo ambalo hakuweza kumsingizia mtu: wimbo ulipoanza, mtoto tumboni aliacha kucheza. Alitulia kama anayesikiliza, na kila siku alichelewa zaidi kurudi kucheza.

Mchana mmoja alijinyoosha kitandani, usingizi haukumchukua wala haukumwacha, akahisi mtu ameingia na mlango haujafunguliwa, akahisi godoro likibonyea miguuni, kisha magotini, kisha mapajani, uzito mdogo wa kitu kinachotambaa, na wimbo ukasogea mpaka ukawa sikioni, na harufu ya maziwa ikamjaa puani akashindwa kumeza mate, akataka kuita ulimi ukakataa, na alipofumbua macho chumba kilikuwa kitupu, cheupe kwa jua, na sweta lilikuwa juu ya tumbo lake, limelikumbatia kwa mikono yake miwili ya uzi, limevimba, linapanda na kushuka taratibu, nalo tumbo chini yake limetulia kama jiwe.

Alilibeba kwa ncha za vidole mpaka jikoni, akalitupa miguuni kwa mama mkwe.

"Mama, chukua sweta lako. Usiniwekee tumboni tena."

Mama mkwe alilitazama, akamtazama na yeye usoni, na jibu kali alilokuwa amelinoa siku zote hizo likamkauka mdomoni.

"Langu? Mwanangu, mimi sindano ya kufumia sijui hata inashikwa upande gani. Si ulilinunua wewe?"

Wakaenda kwa fundi, chumba cha uani alikolazwa tangu ajali. Alipoliona aligeukia ukutani. Akawaeleza kwa sauti ya chini kwamba siku ile alimpakia mwanamke aliyesimama njiani juani, amepakata mtoto. Akaketi nyuma, akaanza kuimba puani. Fundi akatazama kwenye kioo. Sweta la manjano lilikuwa mapajani kwa mwanamke, limejaa, linageuka huku na huku kama mtoto anayechungulia dirishani, ila juu ya kola hapakuwa na kichwa. Hapo ndipo usukani ulipomponyoka. Waliokuja kumtoa walimkuta peke yake.

"Na ukanyamaza," mkewe akasema.

"Ningesema nilimpakia mwanamke, nyinyi wawili mngeuliza ni nani kabla ya kuuliza mguu."



Mganga waliyeelekezwa alikuwa muuza mkaa, mikono myeusi mpaka viwikoni. Sweta hakuligusa. Alisema jini huyo ana nguo, hana mtoto, anatafuta wa kuijaza. Wakiichoma, atamchukua mtoto bila nguo. "Lirudisheni kwenye kiti kile kile alichoketi," akamalizia, akielekeza kidevu tumboni kwa mke wa fundi. "Jini atabaki huko kitini. Fanyeni leo, mtoto huyo anakaribia kukubali kubembelezwa."

Yadi ilikuwa tupu pale gari lilipokuwa. Fundi mwenyewe alikuwa ametuma neno kwamba gari liuzwe vipande vipande. Mwenye yadi akawahesabia bila haraka: injini ilikwenda huku, milango kule, na kiti cha nyuma alikichukua mshonaji wa mtaa wa pili, akakifanya kochi la wateja.

Walimkuta mshonaji akikanyaga cherehani. Mwanamke mcheshi, futi shingoni, pini mdomoni. Juu ya kiti, kati ya vitambaa, alilala mtoto wake mchanga. Akawakaribisha waketi, akawaambia kwamba tangu kiti kije mtoto halii, anadhani kimempenda. Akaona kilichomo mkononi mwa mama mkwe.

"Sweta zuri hilo, mama. Mmelileta nilipunguze?"

Mke wa fundi alifungua mdomo. Tumboni hapakucheza kitu tangu asubuhi. Akaufunga.

"Halitufai sisi," mama mkwe akasema. Akaliweka kitini, ubavuni kwa mtoto, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja. "Kama litamtosha wako, mvishe."

Mshonaji aliwasindikiza mpaka mlangoni akiwaombea Mungu awazidishie.

Walitembea bila kugeuka, wameshikana mikono, wao ambao hawakuwa wamegusana tangu harusi. Mbele kidogo mke wa fundi akasimama ghafla, akashika kiuno. Mtoto alikuwa anapiga mateke, moja juu ya jingine, kama aliyeamshwa. Akacheka, kisha kicheko kikaisha.

"Mama. Yule wa mshonaji, ni wa kike au wa kiume?"

"Sikuangalia," mama mkwe alijibu, akaongeza mwendo.