Kikohozi Kwenye Diski Mpya

Diski mpya ya kompyuta haina kinachozunguka ndani, kwa hiyo haina mlio. Hii ya tatu ilikohoa.

Fundi aliweka bisibisi chini. Ilikuwa saa nne asubuhi, na karani wa mapokezi alikuwa akipita na kikombe chake.

"Umesikia?"

"Nimesikia feni zako, fundi. Nenda kalale, unazeeka."

Hakucheka. Kikohozi kile alikijua: kikavu, mara mbili, kisha pumzi ndefu. Kilikuwa cha kaka yake, aliyepaka rangi nyumba za watu mpaka mapafu yakamshinda.

Ofisi yao ilitunza sauti za marehemu kwa ajili ya jamaa zao, kwenye diski kuukuu zilizotawanywa katika mashine sita, kila rekodi nakala tatu. Mwezi uliopita Fundi aliagizwa aongeze diski za kasi, zishike rekodi zinazoombwa mara kwa mara. Ili amalize mapema, akapunguza nakala, ikabaki moja moja. Siku hiyohiyo diski moja kuukuu ikafa, nayo ndiyo iliyobeba hadithi ambazo kaka yake alimrekodia bintiye akiwa mgonjwa.

"Zipo?" shemeji yake, mjane wa kaka, aliuliza kesho yake.

"Zipo, shemeji. Zote."

Sasa alifungua orodha ya diski ya tatu. Juu kabisa palikuwa na jina la kaka yake, limeombwa kila jioni kwa wiki tatu, na alipokuwa bado analitazama harufu ya tapentaini, ile ya kuchanganyia rangi, ikapanda kutoka kwenye matundu ya mashine, ikamjaa puani na kooni, naye akajua kwamba huyu si kaka yake, ni jini lililokuta nafasi tupu yenye jina la mtu likaingia likakaa, na kwamba nafasi hiyo aliiacha wazi yeye.

Akapiga simu.

"Shemeji, nisamehe. Rekodi za kaka nilizipoteza. Nilikudanganya."

"Umezipoteza vipi? Si mtoto anazisikiliza kila jioni? Hata zile mpya, baba yake anapomwelekeza njia ya kumfuata..." Sauti ikakatika. "Ungeniambia siku ile, nisingemwekea."

Akamsikia akikimbia, akimwita bintiye chumba hadi chumba. Hakuna aliyeitika.

Fundi akaing'oa diski. Kiganjani mwake, bila waya wowote, ilikohoa mara mbili, ikavuta pumzi. Kisha, humohumo ndani ya diski, kikasikika kikohozi kingine, kidogo, cha mtoto.