Mapazia Yaliyofungwa kwa Ajili ya Samaki

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kusema vibaya juu ya jirani, na kabla ya kushika kalamu niliomba nipewe moyo mpole. Nimepewa kidogo tu, kwa hiyo mtanivumilia.

Mtaa wetu uko kando ya mfereji. Asubuhi bata huogelea, watoto hupita na baiskeli wakienda shule, na kila anayepita hugeuza shingo kutazama nyumba ya Lubbert Huizing. Hawakuwa wakimtazama Lubbert. Walikuwa wakimtazama mama yake, Bibi Trientje, aliyekaa dirishani na kikombe cha kahawa na biskuti moja, akimpungia mkono kila mtu. Alimpungia mleta barua. Alimpungia mbwa wa daktari. Kama Bibi Trientje hajakupungia mkono, siku yako ilikuwa bado haijaanza.

Na dirisha, kwetu, si jambo dogo. Mapazia ya sebuleni hukaa wazi tangu asubuhi, hata taa zikiwashwa jioni, na mpita njia anaona maua yako, kochi lako, na supu ya njegere unayokula. Anayefunga mapazia mchana ana maiti ndani. Hakuna haja ya kutangaziwa. Ukiyaona yamefungwa, unavaa viatu vya heshima, unachukua keki, unakwenda kutoa pole.

Basi katika nyumba hiyo ya amani ndimo lilimokuwa tangi la samaki.

Lubbert alikuwa fundi wa kiwanda cha kadibodi mpaka kilipofungwa. Akabaki nyumbani, na mikono iliyozoea kazi ikatafuta kazi. Mkewe Roelie alikuwa akitoka kila asubuhi kwenda kuuza mikate, na Lubbert akabaki na mama yake na tangi lile la kioo, refu kama jeneza la mtoto, lililojaa mimea ya majini na samaki wadogo wenye mstari mwekundu. Hanywi, havuti, hafuati wake za watu. Ndiyo maana hakuna aliyemkemea. Ingekuwa pombe, tungemkemea mapema.

Wapo kwetu watu wengi wenye matangi ya namna hiyo, na wana chama chao. Mara moja kwa mwaka mwamuzi hupita nyumba kwa nyumba, hukaa mbele ya tangi, hutazama kimya kama yuko kanisani, kisha hutoa alama. Mwaka ule alikuja Bwana Okke, mzee mpole mwenye miwani minene. Nyuma ya tangi Lubbert alikuwa amebandika picha ya bahari ya bluu yenye nguzo za mawe zilizoanguka.

"Bwana Lubbert," alisema Okke, "mimea yako ni mizuri sana. Ila nikiitazama na picha ile, najiona niko kwenye duka la kadi za posta."

Roelie alicheka. Lubbert hakucheka.

"Na dirisha lako," Okke akaendelea, "linang'aa kwenye kioo. Mama yako namwona yuko ndani ya maji na samaki, ananipungia mkono!"

Bibi Trientje akacheka mpaka kikombe kikatikisika. Akampungia tena, ili amwone vizuri. Hapo ndipo huzuni ilipoingia nyumba ile, maana Lubbert alikuwa ameshika maneno mawili tu: picha, na dirisha.

Alianza na picha. Aliibandua, akapaka kioo cha nyuma rangi nyeusi. Akakaa, akatazama, akasema nyeusi inafanana na shimo. Akakwangua. Akapaka kijivu, akasema sasa ni kama ukuta wa hospitali. Akakwangua. Akaleta vipande vya mawe ya kuezekea, akavipanga, vikaanguka, samaki mmoja akafa. Mwisho akaamua kwamba ukuta wa nyuma ni lazima uwe wa magome ya mti ule unaotoa vizibo vya chupa, kwa sababu ni ya asili na mizizi hushika. Lakini magome hayo huelea. Ni lazima yalowekwe mpaka yazame. Na katika nyumba ile palikuwa na mahali pamoja tu pa kuyalowekea.

"Fenna mwenzangu," Roelie aliniambia siku moja akinikabidhi mkate, "bafu langu limejaa magogo. Maji yamekuwa kama chai. Tunaogea jikoni kama watu waliokimbia vita."

"Mwambie ayatoe."

"Nimemwambia. Anasema bado yanaelea. Namuuliza, wewe Lubbert, na mimi nielee lini? Anasema nikikanyaga mawe aliyoyawekea juu nitamharibia."

Yalipozama, akaanza kupanga mimea. Hapo ndipo uvumilivu wetu sote ulipoisha. Alifunga nyuzi mbele ya kioo ili kukigawa sehemu tatu, maana mmea mkubwa haukai katikati kabisa. Unakaa penye theluthi, ndipo jicho linatulia. Mmea mwekundu uwe mahali pamoja tu. Majani yanayofanana yasikae jirani. Mimea mifupi ianze mbele kwa upana, ipande polepole kwenda nyuma ikijibana kama barabara, mtazamaji adhani ni safari ndefu kumbe ni urefu wa mkono. Mirefu ikae nyuma, isizibe ya mbele. Nakiri ilipendeza. Nilisimama pale nikamshukuru Muumba kwa kijani cha aina nyingi vile. Lakini alikuwa akipanda, anakaa, anatazama, anang'oa. Kila siku.

"Umepanga majani kama askari wa gwaride," Roelie alimwambia mbele yangu, "na soksi zako ziko chini ya meza."

"Soksi hazipewi alama," alijibu, mkono ukiwa ndani ya maji mpaka kwapani.

Kisha akageukia dirisha. Alisema mwanga wa jua unaleta mwani, ule ukungu wa kijani unaochafua maji, na kioo kinaakisi barabara nzima. Siku hiyo akafunga mapazia, mchana kweupe. Bibi Trientje akashtuka kitini.

"Mwanangu, nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Ni kwa ajili ya tangi."

"Samaki amekufa?"

"Mama! Hakuna aliyekufa. Ni mwani."

"Huyo Mwani simjui," alisema Bibi, lakini macho yake hayakuwa na mzaha. "Nifungulie kidogo tu, niwaone watoto wakitoka shule."

Hakumfungulia. Alichofanya, na hapa ndipo kalamu yangu inapokwaruza karatasi, ni kuhamisha kiti chake. Kiti kilikuwa kimekaa mahali ambapo mwamuzi angekaa. Akakipeleka chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama uzio na mapipa ya taka.

"Mpaka mashindano yapite, Mama. Huko kuna joto zaidi."

"Kwenye mapipa nimpungie nani?" aliuliza Bibi.

Wiki ile ya kwanza mtaa wote ulikwenda kutoa pole. Mchungaji alifika na koti jeusi. Mama mmoja alileta keki, akaanza kulia mlangoni. Lubbert akawa mkali. "Hakuna maiti hapa! Hivi watu hawana kazi? Ni tangi!" Watu wakarudi na keki zao, wengine wakicheka, wengine wakiwa wamekasirika. Na baada ya hapo wakazoea. Mapazia ya Lubbert yakawa hayasemi kitu tena. Na asubuhi bila mkono wa Bibi Trientje, nayo tukaizoea. Haya mambo mawili yashikeni.

Siku ya mwamuzi ikafika. Roelie alikuwa dukani. Lubbert tangu asubuhi alikuwa na kibanio chake kirefu, akisogeza jani moja hapa, moja pale. Wakati wa kahawa alisikia kishindo nyuma, kisha mama yake akimwita.

"Subiri, Mama! Napanda!"

Akaitwa tena.

"Nimesema subiri!"

Kisha akasikia kitu kikigonga, na akaendelea kupanda.

Mchana Bwana Okke aliingia, akavua kofia, akatazama huku na huku. "Mama yako yuko wapi? Mwaka jana alinipungia tangu niko kwenye baiskeli."

"Yuko nyuma, anapumzika. Karibu kiti."

Okke akakaa. Akatazama ule ukuta wa magome, na barabara ya mimea iliyopanda nyuma kana kwamba haina mwisho. Alitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Zima pampu, niyaone maji yakiwa yametulia."

Pampu ikazimwa. Nyumba ikawa kimya. Katika kimya kile kikasikika: ko, ko, ko, na sauti hafifu ikiita jina la Lubbert.

"Ni mabomba ya joto," alisema Lubbert. "Yanagonga tangu asubuhi."

Okke alikuwa amekwisha simama. "Bomba haliiti mtu kwa jina, Bwana Lubbert."

Walimkuta sakafuni kando ya kiti chake, nyonga imevunjika, nguo zimelowa, midomo imekauka, mkononi ameshika kijiko cha kahawa akigongea bomba. Alipomwona mwanawe alisema, "Umemaliza kupanda?"

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angesema kwa ubaya.

Sasa mtasema, hapo Lubbert alifungua macho, alifungua na mapazia. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilipiga magoti nikashukuru kwamba onyo limekuja na mtu yuko hai. Lakini alama zilitoka, na tangi la Lubbert likawa la kwanza katika mji wetu. Maana yake lingetazamwa tena na waamuzi wa jimbo zima, baada ya majuma machache.

Bibi Trientje alirudishwa kutoka hospitali akiwa mwepesi kama nguo iliyokauka. Roelie alitaka kitanda kiwekwe sebuleni, dirishani.

"Hata mimi nataka," alisema Lubbert, na naamini alitaka kweli. "Lakini tukifungua sasa, mwani utaingia kabla ya jimbo. Majuma matatu tu, Roelie. Ameshasubiri muda wote huu."

"Lubbert, mama yako si mmea. Huwezi kumsogeza ukaona kama anapendeza zaidi nyuma!"

"Majuma matatu!"

Nilikuwepo. Nilimwambia, "Jirani, mfungulie mama." Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza.

Bibi aliniomba nikae naye. Hakulalamika. Aliniuliza kama watoto wa ghorofa ya juu ya duka la mikate bado wanapita na baiskeli moja wawili wawili. Nikasema ndiyo. Akainua mkono kutoka kwenye blanketi, akaupunga kidogo kuelekea uzio, akatabasamu.

Nikasafiri kwenda kumtazama dada yangu. Majuma hayo matatu hayakuisha. Alfajiri ya Jumamosi Bibi Trientje alifariki.

Roelie alifanya kama inavyofanywa kwetu. Aliosha vikombe vyote vya nyumba, akachemsha kahawa nyingi, akakata keki ya siagi, akapanga viti kwa duara sebuleni. Akamvalisha Mama vizuri. Akaenda kufunga mapazia, mkono ukabaki hewani, maana yalikuwa yamefungwa tayari.

Wakakaa, wakangoja.

Hakuja mtu.

Mleta barua alipita. Walisikia kengele za baiskeli za watoto. Walisikia majirani wakisalimiana nje, wakicheka, wakipita mbele ya dirisha lile bila kupunguza mwendo. Mtu alisema, na Lubbert alimsikia wazi kupitia kioo, "Angalia, bado na mwani wake!" Kahawa ikapoa. Roelie akaimwaga, akachemsha nyingine. Nayo ikapoa. Jioni Lubbert alikuwa bado amekaa katikati ya duara la viti vitupu, nyuma yake tangi likiwaka kwa uzuri wote ule, samaki wakipita penye theluthi.

Jumapili mchungaji, aliyekuwa ameambiwa na Roelie usiku ule, alitangaza jina la Bibi kanisani, na kanisa zima likaguna kwa uchungu. "Lakini tuliyaona mapazia!" mama mmoja alisema kwa sauti, akasahau alipo. "Tuliyaona!"

Alizikwa na watu wengi. Lakini siku ile ya kwanza, siku ambayo jirani hukushika mkono kabla hujajua la kusema, hiyo Lubbert hakuipata, na haitarudi.

Waamuzi wa jimbo walipokuja, walikuta mapazia wazi, jua limejaa sebuleni, na maji ya tangi yamekuwa mazito na ya kijani kama supu. Ukuta wa magome hauonekani. Barabara ya mimea haionekani. Okke alikuwa mmoja wao. Roelie anasema hakuandika chochote, alivua kofia tu.

Kiti kimerudi dirishani. Siku hizi Lubbert ndiye anayekaa hapo asubuhi, na kahawa yake, akimpungia mkono kila anayepita. Watoto wanamjibu. Mimi namjibu pia, maana nimeamriwa kusamehe. Ila mkono wangu bado unachelewa kidogo.

MAFUNZO

Ndugu zangu, si pombe peke yake inayovunja nyumba. Kitu kizuri, safi, kisicho na dhambi ndani yake, kinaweza kumla mtu wa nyumbani mwako kikiachiwa nafasi yake. Lubbert alijua kila mmea ukae wapi ili uonekane, na mama yake akamweka mahali pasipoonekana.

Kwa hiyo, wewe mwenye tangi, au bustani, au redio, au chochote unachokipenda: kabla hujauliza kitu chako kikae wapi, uliza kwanza watu wako wamekaa wapi. Ukiitwa, toa mkono majini uende.

Na sisi majirani tusinawe mikono. Tukiona mtu aliyekuwa akitupungia hatupungii tena, tusizoee. Tubishe hodi, hata kama tutafokewa. Mungu atusaidie tusikie kijiko kikigonga bomba wakati bado kinagonga.