Nywele za Theophil

Kila Jumamosi asubuhi, Bibi Bernadina wa Singe, karibu na mji wa Babati, alimnyoa mjukuu wake. Alimkalisha Hilaria kwenye kigoda, akamlowesha kichwa kwa maji ya sabuni, kisha akafungua karatasi yenye wembe. Wembe ulikuwa uleule, Jumamosi zote.

Hilaria alikuwa na miaka miwili. Ngozi yake ilikuwa ya kahawia yenye wekundu. Nywele zake zilikuwa nyekundu kama udongo wa shamba lao. Bibi alizinyoa ili watu wasizione. Nazo nywele hazina haya, ziliota tena.

"Mama, unamkata," alisema Devota, mama wa mtoto na mkwe wa Bibi.

"Mimi ndiye niliyeleta nywele hizi nyumbani?" Bibi aliuliza.

Devota alimfuta mtoto damu kichwani. Atasema nini? Mtaa mzima ulishasema. Walisema aliwahi kuwapikia mafundi wa visima, na fundi mmoja alikuwa Mzungu mwenye nywele nyekundu. Ulimi hauna mfupa. Maneno yalifika hadi stendi ya Babati, alikopaki bajaji mumewe, Sosthenes.

"Mzungu wenu hajambo?" wenzake walimtania.

Sosthenes alihama, akawa analala mjini kwa rafiki yake. Kisha akaleta habari kwamba Jumapili baada ya misa kutakuwa na kikao cha ukoo. Devota atarudishwa kwao Mutuka, yeye na mtoto wake.

Sasa nikuambie jambo ambalo mtaa haukulijua. Bibi Bernadina alikuwa anajua kwamba Devota hana kosa. Alijua tangu siku mtoto alipozaliwa. Alipofunua khanga na kuziona zile nywele, alimfunika mtoto upesi. Alikuwa amemwona Theophil.

Theophil alikuwa mdogo wake, naye alizaliwa na nywele nyekundu vilevile. Mama yao aliambiwa kuwa mtoto wa namna hiyo ni wa pepo wa chemchemi, na kwamba akichota maji, chemchemi itakauka. Basi walimficha ndani, na Bernadina akapewa kazi ya kumnyoa. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka tisa. Siku moja wembe ulimkata Theophil nyuma ya sikio. Baada ya siku chache taya zikakaza, mwili ukapinda, akafa. Walimzika bila matanga. Mama yao alisema, "Nisisikie tena jina hilo." Bernadina hakulitaja kwa miaka sitini.

Na bado alishika wembe. Mtu akiogopa sana hurudia lilelile.

Jumatano kabla ya kikao, kidonda alichokatwa Hilaria kwa wembe kilianza kutoa usaha. Devota hakuomba ruhusa. Alimbeba mtoto mgongoni hadi zahanati. Jioni muuguzi wa zahanati, Nesi Rosemary, ambaye ni jirani yao, alipita kukiangalia tena kidonda. Alimkuta Bibi akichambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mtoto ana nini? Ni utapiamlo?"

"Hapana. Nimempima mkono kwa utepe, yuko vizuri. Nywele za utapiamlo hubadilika baadaye, hukatika, na miguu huweza kuvimba. Huyu alizaliwa hivi. Ni aina ya ualbino, wenye nywele nyekundu. Kidonda ndicho cha hatari, Bibi. Wembe mchafu huleta pepopunda. Taya hukaza, mtoto hufa. Nimempa dawa, na nimehakikisha chanjo zake zimekamilika. Lakini msimnyoe tena hivyo."

Mikono ya Bibi ilisimama juu ya ungo.

"Ualbino huo unatoka wapi?" Devota aliuliza.

Nesi akachukua maharage manne kwenye ungo, mawili meusi na mawili mekundu. Akampa Devota jeusi moja na jekundu moja. Yaliyobaki akayashika yeye.

"Wewe ni mama, mimi ni baba. Kila mmoja ana mbegu mbili za rangi. Nyeusi hufunika nyekundu, kwa hiyo sote tuna nywele nyeusi na hatujui tulichobeba. Mtoto huchukua mbegu moja kwa mama, moja kwa baba. Akipata nyeusi hata moja, nywele ni nyeusi. Zikikutana nyekundu mbili, ndiye Hilaria. Katika kila mimba, nafasi ni moja kati ya nne."

"Na yule Mzungu?" Devota aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kule Uskoti na Ayalandi wenye nywele nyekundu ni wengi, lakini mbegu yao ni nyingine. Mzungu wa hivyo akizaa na Mwafrika, kwa kawaida mtoto hutoka na nywele nyeusi. Na hata kwao, zamani watu waliwaita wachawi. Binadamu ndivyo tulivyo. Hapana, Mama Hilaria. Baba Hilaria naye amebeba mbegu hii. Aliipata kwa baba yake au kwa mama yake."

Devota alimtazama mama mkwe wake. Bibi aliinamia maharage. Alikuwa na nafasi ya kusema, akaiacha ipite, na usiku kucha alijichukia.

Jumapili ukoo ulikaa. Devota aliketi karibu na mlango, furushi la nguo miguuni. Aliwaeleza habari ya maharage, wakacheka. Mzee Melkiadi, kaka wa marehemu mume wa Bibi, akamgeukia Sosthenes.

"Sina la kuongeza," Sosthenes alisema. "Nywele zimeshasema."

Devota akainua furushi.

"Weka chini," Bibi Bernadina alisema. Akasimama kwa shida. "Nywele hizo ni za kwetu. Nilikuwa na mdogo wangu, Theophil. Alikuwa nazo. Tulimficha. Nilimnyoa mimi, nikamkata, akafa kwa kukaza taya."

Sosthenes alisimama.

"Mama, ulijua?" Sosthenes aliuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipozaliwa."

Sosthenes alificha uso kwa mikono. Devota alisema maneno mawili tu, "Miaka miwili." Wala hakulia. Bibi alitamani angelia.

Furushi lilifunguliwa. Devota aliutupa wembe chooni. Kidonda kilipona. Sasa Hilaria huvaa kofia pana na nguo za mikono mirefu juani, na daktari wa macho amempa miwani. Sosthenes amerudi. Humpakia binti yake kwenye bajaji, na akitaniwa stendi hueleza habari ya maharage. Lakini Devota akimsalimia mama mkwe wake, humsalimia na kupita. Bibi hamlaumu.

Mwezi wa Novemba kila familia hupeleka parokiani majina ya marehemu wake, yasomwe kwenye misa. Devota ndiye huandika. Alimaliza, akataka kukunja karatasi.

"Bado mmoja," Bibi alisema.

Devota alishika tena kalamu. Hilaria alikuwa amemwegemea magotini, kichwa wazi, nywele nyekundu zimejaa. Bibi aliweka mkono juu ya nywele hizo.

Devota akainama, akaandika mwenyewe: Theophil.