Alijificha Yeye, Akaonekana Mama

Siku hiyo mjinga alikuwa Maroa, na hata ukimuuliza leo hakatai. Tena hakuwa mjinga wa kawaida, yule wa kusahau kalamu nyumbani siku ya mtihani. Alikuwa mjinga aliyejiona mwerevu, na wa aina hiyo hasara yake huwafikia hata wasiohusika.

Maroa alikuwa Gredi ya Saba katika shule moja jirani na machimbo ya dhahabu ya Osiri, Kaunti ya Migori. Asubuhi zake zilifanana kama punje za mtama. Alishuka kijitoni na mtungi wa plastiki, akachota maji, akapanda kilima akilalamika peke yake. Kisha alikunywa chai ya rangi kwa kiporo cha viazi vitamu, akaenda shule. Mama yake, Bhoke, alikuwa ameshatangulia kazini kwenye krasha ya Mzee Machuki, yaani mashine inayosaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Bhoke na wanawake wenzake waliuosha unga huo kidimbwini, wakatia zebaki ili ikamate chembe za dhahabu. Haikuwa kazi ya kumwonea mtu wivu, lakini ndiyo iliyomvisha Maroa sare na kumshibisha.

Jambo moja lilimtenga Bhoke na wenzake. Wafanyakazi wengine wote wa Machuki walikuwa Wasabato. Jumamosi mashine ilizimwa, watu wakavaa nguo safi, wakashinda kanisani. Bhoke alisali Jumapili, kwa hiyo Jumamosi aliachiwa kulinda lundo la mawe yasiibwe. Alikaa pale peke yake, na rungu asilojua kulitumia. Maroa ndiye aliyempelekea chakula.

Ni katika safari hizo za chakula Maroa alipoona. Machuki alifika kwa pikipiki, akatazama huku na huku, akachukua jembe na kubomoa ukingo wa kidimbwi. Maji yenye zebaki yakateremka hadi kijitoni, kule kule Maroa alikochota maji ya chai. Machuki akarudishia udongo, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata alifanya vile vile.

"Mama, yale maji yana sumu," Maroa alisema. "Mwalimu alituambia zebaki huharibu figo na ubongo."

"Nimeona."

"Sasa mbona husemi?"

Bhoke alikata tonge la ugali, akalifinyanga muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nikisema leo, kesho utakula nini? Kuanzia sasa utachota maji kule juu kwenye chemchemi. Majirani nao nimewaambia maji ya kijito si mazuri. Wanasema chemchemi ni mbali." Akatia tonge kinywani. "Wewe hukuona kitu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kusikia alisikia kweli. Kutii ndiko kulikokosekana.

Likizo ilipofika, Maroa alikwenda Homa Bay kwa mama yake mdogo, Phanice, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kibanda cha Phanice kilipakana na saiba, yaani duka la intaneti, ya Kuruthum, mwanamke wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja mji huo kufanya biashara, na wajukuu hawakuondoka tena. Asubuhi wateja wakiwa wachache, Kuruthum aliwaruhusu watoto wa jirani kujifunza kompyuta. Bei yake ilikuwa moja tu: ukimaliza, unafagia.

Siku moja Maroa alimkuta akifungua programu asiyoijua.

"Dada Kuruthum, hiyo ni nini?"

"Ni ya kutembea mtandaoni bila kufuatwa. Kila ukurasa unaofungua hukuuliza unatoka wapi, na simu yako hujibu bila hata kukwambia. Hii inakataa kujibu."

"Kumbe ni ya wezi?"

Kuruthum aligeuka akamtazama juu ya miwani. "Juzi mama mmoja alikaa hapo ulipokaa, akatafuta habari za ugonjwa wake. Hakutaka mtaa mzima ujue. Huyo ni mwizi?"

"Hapana."

"Basi nyamaza utazame."

Akamweleza kwamba programu ile hupitisha ujumbe katika kompyuta tatu zilizo mbali, na kila moja inaijua tu iliyoipa ujumbe na inayoupokea. Ukurasa unaofunguliwa haujui kama mtu yuko Homa Bay au yuko mwezini. Akamwonya asiipakue mahali popote ila kwa watengenezaji wenyewe, maana ziko za bandia zinazojifanya kukuficha kumbe ndizo zinazokuchungulia. "Na ukishaingia humo halafu ukafungua Facebook kwa jina lako, umejitaja mwenyewe. Usije hapa kunililia."

Maroa alishika haraka. Alishika haraka mno. Kesho yake, Kuruthum akiwa anamchapia mteja barua ya kuomba kazi, Maroa alifungua programu ile, akatafuta ukurasa wa shirika la mazingira lililopokea habari bila jina. Akaandika: "Kila Jumamosi, watu wote wakiwa kanisani, Machuki mwenye krasha kule Osiri hubomoa ukingo wa kidimbwi na kumwaga maji ya zebaki kijitoni. Nimeona kwa macho yangu."

Hakuweka jina, wala nambari ya simu, wala picha. Alituma, akafunga, akashika ufagio. Siku hiyo alifagia hadi nje barabarani, kwa furaha.

Shule zilipofunguliwa, rafiki yake Wesley alimngoja nje ya lango jioni, mkononi ana simu ya kaka yake, ambayo ndani ya shule angenyang'anywa.

"Omera, ndugu yangu, umeona hii? Imezunguka magrupu yote ya Osiri."

Lilikuwa lile shirika. Walikuwa wameuchapisha ujumbe ulivyo, neno kwa neno, na kusema wanawaomba wakuu wa maji wachunguze.

"Nani ameandika?" Maroa aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejua chochote. Sauti hiyo alikuwa ameifanyia mazoezi.

"Hajulikani. Wenyewe wanasema hata wao hawawezi kumpata. Huyo ni mjanja."

"Mjanja sana," Maroa alikubali, kifua kimemjaa kama andazi kwenye mafuta.

Wesley alisoma tena, polepole, kidole kikifuata mstari. "Ngoja kidogo. 'Watu wote wakiwa kanisani.' Kama wote walikuwa kanisani, huyu aliona akiwa wapi?" Akakuna kichwa. "Mimi Jumamosi niko kwaya. Mama yangu yuko kanisani. Wale wa krasha wote wako kanisani. Jumamosi kwa Machuki hubaki nani?" Kisha akainua macho, na kicheko kikamtoweka usoni. "Maroa, si ni mamako peke yake?"

Maroa aligeuka. Alikimbia.

Alimkuta mama yake njiani, karai kichwani, buti za mpira mkononi. Jua lilikuwa bado juu, na si kawaida ya Bhoke kurudi na jua.

"Machuki amenisomea ule ujumbe mbele ya watu," Bhoke alisema. Hakuwa analia. Alikuwa anashangaa, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ameniuliza, 'Mama Maroa, Jumamosi hapa huwa na nani?' Nikamwambia niko peke yangu, lakini sijaandika kitu. Simu yangu ni kabambe ya vitufe tu, haifungui hata picha. Nikaapa kwa kaburi la baba yangu. Akanifukuza kazi, wenzangu wakatazama chini. Miaka yote nimeosha nao mchanga, leo hata mmoja hakuinua uso."

Hapo Maroa angeweza kunyamaza. Programu ilikuwa imefanya kazi yake barabara. Hakuna mtu duniani ambaye angemthibitishia kosa. Angemsaidia mama kubeba buti, amlaani Machuki pamoja naye, na mambo yaishie hapo. Alizichukua zile buti, akatembea nazo kidogo, akasimama.

"Mama, ni mimi."

Bhoke alishusha karai. Maroa alingoja kofi. Angelipokea kwa shukrani, maana kofi huisha. Mama yake alimtazama tu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Umejificha vizuri," alisema mwishowe. "Mimi ndiye uliyeniacha nje."

Jioni ile Bhoke alimpigia dada yake Phanice, na Phanice akampelekea Kuruthum simu. Bhoke aliweka simu yake juu ya stuli, sauti juu, mtoto amekaa chini.

"Niambie uliandika nini," Kuruthum alisema. "Neno kwa neno."

Maroa alimwambia.

"Programu inaficha njia yaliyopitia maneno," Kuruthum alisema. "Maneno yenyewe haiyafichi. Kabla hujatuma kitu, kisome kama anavyokisoma adui. Jiulize, jambo hili lingejulikana na nani? Kama jibu ni mtu mmoja, umeshamtaja jina, hata kama hukuliandika. Ungesema tu kwamba maji yanamwagwa, wayapime. Maji yangejitetea yenyewe. Hiyo Jumamosi ilikuwa ya nini?"

"Nilitaka waniamini."

"Na mbona hukunionyesha? Nilikuwa hapo hapo karibu yako, nachapa barua."

"Niliogopa ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo. Kisha tungeandika pamoja." Alishusha pumzi. "Mama Maroa, na mimi nina sehemu yangu. Nilimfundisha kuficha kompyuta. Sikumfundisha kuwafikiria walio karibu naye. Nisamehe."

"Msamaha hauoshi mchanga," Bhoke alisema, "lakini nimeusikia."

Kuruthum aliwaandikia watu wa shirika, nao wakauondoa ule mstari wa Jumamosi. Ulikuwa umeondolewa ukurasani tu. Katika simu za watu wa Osiri ulibaki pale pale, na kwenye vichwa vyao zaidi.

Maafisa wa maji walikuja, wakachota kijito katika chupa ndogo, wakaondoka nazo. Krasha ya Machuki ikafungwa majibu yakingojwa. Hapo ndipo uchungu ulipokolea. Wale wanawake waliotazama chini sasa walikosa kazi wote, na kosa wakalitia kichwani mwa Bhoke. Walimsalimu kwa mbali. Mmoja aliyekuwa akiazima chumvi kwake aliacha hata kuazima. Bhoke alianza kupika uji wa wimbi na kuuza kando ya barabara, na waliokunywa walikuwa wapita njia wasiomjua. Kazi yake kwa Machuki hakurudishiwa kamwe. Tuliseme hilo mapema, msomaji asije akangoja.

Majibu yalipotoka, naibu wa chifu aliita baraza uwanjani shuleni, watu wakaketi kwenye madawati yaliyotolewa madarasani. Afisa wa maji alieleza kwa ufupi: zebaki imepatikana, watu wasiyanywe maji ya kijito, na krasha haitafunguliwa hadi Machuki ajenge kidimbwi cha saruji kisichovuja. Kwa muda huo kaunti ingeleta maji kwa lori. Akina mama wenye watoto wachanga walitazamana. Hakuna aliyesema chemchemi ni mbali.

Ndipo Maroa akainua mkono. Alikuwa ameomba ruhusa kwa mama yake usiku uliopita, na mama alikuwa amemkubalia kwa kutikisa kichwa tu.

"Ni mimi niliyeandika," alisema. "Mama alinikataza, sikusikia. Alipoapa kwamba si yeye, aliapa kweli. Nilijificha mimi, nikasahau kumficha yeye. Naomba msimlaumu."

Watu walinong'ona. Mmoja wa wale waosha mchanga aliinua uso, akamtazama Bhoke, kisha akauinamisha tena. Machuki naye alisimama, akavuta koti lake likae sawa. Alikuwa mtu wa kusikilizwa, na alijua.

"Kidimbwi nitajenga, serikali imesema," alianza. "Lakini tusipotoshe watoto wetu. Huyu ni mwanafunzi, na tayari anatumia mitambo ya kujificha kama mhalifu. Kama alikuwa na ukweli, angekuja kwangu mchana, aniambie usoni. Mkweli hajifichi. Mama Maroa, wewe ndiye uliyemlea. Hebu tueleze, mtoto mwenye ukweli anajificha kwa nini?"

Wengine walitikisa vichwa kumuunga mkono. Naibu wa chifu alimwonyesha Bhoke kwa kalamu kwamba anaweza kujibu. Bhoke alisimama taratibu, mikono yake bado ina unga wa wimbi.

"Mimi sikujificha, Mzee Machuki," alisema. "Nilisimama mbele yako mchana kweupe, nikakwambia kweli usoni, ukanifukuza kazi. Na bado unauliza mtoto alijificha kwa nini?"