Makapeti Mekundu Kumi na Mawili

Chumba cha kazi cha Sindano kilikuwa na mlango mmoja, dirisha moja na cherehani mbili zilizochoka. Sakafuni palijaa vipande vya sponji na nyuzi za kila rangi. Sindano si jina alilopewa na wazazi. Wateja walimbandika kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi. Ukimpelekea kiti cha gari kilichochanika asubuhi, jioni unakikuta kimevaa nguo mpya.

Mume wake alikuwa dereva wa gari la mikate. Yeye walimwita Taratibu. Hakuwa mtu wa mbio hata kidogo. Mpakiaji wa mikate kiwandani alikuwa mdogo wake Sindano, mwanamume mwenye maneno mengi, na hakuacha kumtania shemeji yake.

"Shemeji, jana konokono alitupita," alizoea kusema. "Tena alitusalimia."

Taratibu alicheka tu, akaendelea kuendesha vilevile.

Siku moja mteja alimwachia Sindano mabaki ya zulia jekundu la sebuleni. Lilikuwa nene na laini. Sindano akaona litafaa kwa makapeti ya gari, yale yanayowekwa chini, miguuni kwa dereva. Akaanza na gari la mume wake.

Aliingia na futi yake, akapima. Alipima upana. Alipima urefu, mpaka kule mbele chini ya pedali za mafuta na breki. Pedali zilikuwa zimetulia. Alizipima kama anavyopima kochi, kitu ambacho hakiendi popote. Ukingo wa mbele akauongeza kidogo, ili tope lisipite. Chini akashonea sponji, ili miguu ya mume wake ipate raha. Kapeti la zamani, la mpira, akalitoa akaliweka stoo.

Hapo ndipo alipokosea, na hakujua. Nakwambia mapema, usije ukasema nilikuficha.

Taratibu alipoliona, alisimama mlangoni mwa gari akishika kiuno. "Mke wangu, hili nitalikanyagaje? Hili ni la kulalia."

"Likanyage. Ndiyo kazi yake."

Watu waliliona, wakalipenda. Zulia lile lilitoa makapeti kumi na mawili. Moja lilikuwa la Taratibu. Kumi na moja yaliuzwa kabla mwezi haujaisha.

Kisha mvua zikaanza. Taratibu hakutaka kuchafua kazi ya mke wake. Alikwenda stoo, akachukua lile kapeti la mpira, akalitandika juu ya jekundu. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya sana.

Asubuhi ya siku ya nne ya mvua, mlinzi wa kiwanda alifika kwa Sindano akihema. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Dada, njoo hospitali."

"Mume wangu?"

"Mumeo mzima. Mdogo wako."

Alimkuta Taratibu kwenye benchi la hospitali. Suruali yake ilikuwa na unga na damu. Hakuinua uso.

"Nilikanyaga mafuta kidogo, nisogee," alisema. "Nikaondoa mguu. Gari halikuacha kwenda. Liliongeza."

"Na breki?"

"Nilikanyaga breki. Haikushuka. Kama kuna kitu kimeizuia chini." Akapangusa unga gotini. "Alikuwa mbele yangu, ukutani. Ananionyesha kwa mkono, njoo, njoo. Alikuwa anacheka."

Gari lilikuwa limembana mdogo mtu ukutani. Madaktari walijitahidi siku mbili. Siku ya tatu walimkata mguu wa kulia, chini ya goti.

Kiwandani walisema Taratibu alisinzia. Wengine walisema alikuwa amekunywa, yeye ambaye hata soda huacha nusu. Meneja alimwambia akae nyumbani. Shangazi yake Sindano alikuja, akakataa hata kuketi. "Huyo ni mumeo," alisema, "lakini yule ni damu yako." Akaondoka bila kuaga.

Taratibu aliacha kula. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akiukanyaga mguu wake wa kulia sakafuni, akiuinua, akiukanyaga tena.

"Unafanya nini?" Sindano alimuuliza.

"Naujaribu. Mguu huu umeniasi. Nauambia acha, hauachi."

"Mguu wako hauna kitu."

"Basi ni akili. Miaka yote hii sijagonga hata kuku. Nimekwenda kumgonga yeye." Akafunika uso. "Afadhali ningekatwa mimi."

Sindano alitaka kumfariji, lakini moyo wake ulikuwa umejaa. Yakamtoka maneno ambayo angelipa chochote kuyarudisha. "Kwa nini hukukata usukani?"

Taratibu aliinuka, akatoka nje. Tangu hapo waliishi nyumba moja kama wapangaji wawili. Sindano alishona huku machozi yakidondokea kitambaa. Hakujua amlilie nani kwanza.

Wiki ya pili, jirani yao alipiga hodi. Alikuwa fundi wa magari, mwanamke mfupi mwenye mikono yenye nguvu, watu wakimwita Spana. Gari la mikate lilikuwa limevutwa hadi gereji anakofanya kazi.

"Jirani, na wewe shemeji, twendeni gereji," alisema. "Kuna kitu nataka mkione kwa macho yenu, msije mkakisikia barabarani."

Gari lilikuwa pale, pua imebonyea. Taratibu alikataa kuingia. Hakuweza hata kushika mlango. Sindano akaingia, akaketi kwenye kiti alichokishona mwenyewe.

"Injini imezimwa, usiogope," alisema Spana. "Sijagusa kitu huko chini. Kanyaga mafuta mpaka mwisho."

Sindano alikanyaga.

"Ondoa mguu."

Aliondoa. Pedali haikurudi. Ukingo wa kapeti la mpira ulikuwa umeipanda, umeikandamiza chini.

"Sasa breki. Ikanyage kwa nguvu."

Pedali ilishuka kidogo tu, ikakwama. Sindano aliinama kutazama. Ukingo wa kapeti jekundu ulikuwa umejikunja chini ya breki, na sponji yake, nene kama mto. Alitazama kwa muda mrefu. Mshono ule ulikuwa wake.

Spana hakupandisha sauti. "Shemeji, uliweka kapeti juu ya kapeti. Mpira juu ya zulia laini, tena lenye maji, unateleza. Kila ukipanda na kushuka, mpira unasogea mbele. Siku hiyo ukafika kwenye pedali. Kapeti ni moja tu. Ukitaka jipya, toa la zamani."

"Kwa hiyo si mguu wangu," alisema Taratibu.

"Mguu wako ni mzima."

Taratibu alichuchumaa pale pale kwenye mafuta ya gereji, akalia kwa sauti. Na Sindano akaona mzigo ule unatoka kwa mumewe, unahamia kwake.

"Na kama angeweka langu peke yake?" aliuliza.

Spana alisita. Kisha akautoa mpira, akalisukuma kapeti jekundu kwa kisigino. Likateleza mbele hadi chini ya pedali.

"Unaona vishikizo hivi viwili vya plastiki sakafuni? Vimewekwa na waliotengeneza gari, ili kapeti lisitembee. Lako halina matundu ya kuvipokea. Umevifunika. Halafu ni nene, na ni refu mno huku mbele. Ulipopima, ulizikanyaga pedali?"

"Hapana."

"Pedali inashuka, dada. Kapeti unalipima pedali ikiwa chini kabisa. Ikigusa, halifai. Na kila gari lina umbo lake, la hili haliingii lile. Chini yake liwe na mpira wenye vidoti, lishike sakafu. Na gari likioshwa, hakikisha kapeti limerudi kwenye vishikizo."

Taratibu alijifuta uso. "Siku ile ningefanya nini?"

"Usingeinama kulivuta. Wengi huinama, wakaacha kuangalia mbele. Unakanyaga breki kwa nguvu zako zote bila kuachia, unatia gia kwenye N, injini isisukume tena magurudumu. Likisimama ndipo unazima. Ukizima likiwa bado linakwenda, usukani unakuwa mzito."

"Yeye alikuwa hatua nne mbele yangu."

Spana aliangalia chini. "Basi hukuwa na nafasi. Sitakudanganya."

Sindano alikuwa bado kwenye kiti cha dereva. "Nimeuza kumi na moja," alisema.

Jioni hiyo alikwenda hospitali peke yake. Mdogo wake alikuwa ameegemea mto, shuka limelala bapa pale mguu ulipokuwa. Sindano alimweleza kila kitu. Hakujitetea. Alimwambia ni mkono wangu, mdogo wangu, ni mkono huu.

Mdogo wake alikuwa mtu wa utani tangu utotoni, na Sindano alisubiri utani wowote, hata wa kumwumiza. Haukuja.

"Umesema umeuza mangapi?"

"Kumi na moja."

"Yako wapi?"

"Kwenye magari ya watu."

Akageuza uso ukutani. "Sasa unakaa hapa unalia nini? Nenda."

Alikwenda. Alizunguka gereji, vituo vya mafuta, maegesho ya soko na ya hospitali. Hakuwa ameandika jina la mteja hata mmoja. Aliwakumbuka kwa viti alivyowashonea. Dereva mmoja alimcheka: "Mama, kapeti zuri hivi nilitoe?" Sindano alipiga magoti kwenye lami, akaibonyeza pedali kwa mkono mpaka ikanasa. Yule dereva akaacha kucheka. Mwingine alikuwa ameliweka juu ya makapeti mengine mawili. Mwingine alikuwa amelipindua, manyoya chini. Kila alilolichukua, alilikata vipande vinne.

Alipata kumi.

La kumi na moja alilikumbuka vizuri. Mwanamke mpita njia, gari jeupe, mtoto amelala kiti cha nyuma. Alisimama mara moja tu, kiti chake kishonwe mahali palipofumuka. Aliliona kapeti ukutani, akalipenda, akaondoka nalo. Hakuwa mtu wa mji ule.

Sasa ni mwaka umepita. Spana aliandika barua kiwandani, na Taratibu amerudishwa kazini. Kabla ya kuwasha gari huinama, huvuta kapeti aone kama limeshikwa, hukanyaga pedali zote mbili mpaka chini. Wapakiaji wapya walimcheka wiki ya kwanza tu.

Sindano bado anatengeneza makapeti. Hukata kwa kufuata kapeti lililokuja na gari lile lile likiwa jipya, huyatoboa matundu ya vishikizo, wala hatii sponji. Na kapeti haliondoki pale kabla mdogo wake hajalipima. Huweka magongo yake kando, huketi kwenye kiti cha dereva, hukanyaga kwa mguu uliobaki.

"Limegusa?" Sindano huuliza.

"Halijagusa. Mpe."

Hamlaumu dada yake. Shemeji yake anamwendesha kila asubuhi, polepole kuliko zamani. Lakini ile habari ya konokono hajaisema tena.

Kila gari jeupe likipita, Sindano huacha cherehani na kutoka nje. Wateja wamezoea. Husimama kando ya barabara akichungulia miguuni mwa madereva, kisha hurudi ndani.

Kapeti moja bado linatembea. Kama gari lako ni jeupe, na kapeti lako ni jekundu, nene, lina sponji chini, basi Sindano anakutafuta wewe. Na kama lako ni la rangi nyingine, inama uliangalie hata hivyo. Fanya hivyo leo, kabla hujawasha.