Gari Lisilo na Klachi

Siku ya soko pale Mbeya, gari kubwa la Kimarekani liliganda katikati ya wauza ndizi, injini inaunguruma, magurudumu yamegoma. Ndani alikaa Saulo, shati jeupe, tai nyekundu, jasho likimtoka pamoja na baridi yote ile. Gari alilinunua likiwa kuukuu kwa Mzungu wa mashamba ya chai ya Mufindi aliyekuwa anarudi kwao.

"Kaka, kanyaga klachi," alisema binti mmoja mwenye gauni la maua lililombana kiunoni, kichwani kajitwika cherehani.

"Halina klachi, dada. Linabadilisha gia lenyewe."

"Basi na lijisukume lenyewe."

Saulo alicheka, akafungua boneti, akamwonyesha kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. "Haya hupimwa injini ikiwa inaunguruma na imeshapata moto. Ukizima, yote hurudi chini, kijiti kinakudanganya kwamba yamezidi." Akaongeza mafuta kidogo, gari likatii. Rozalia, fundi cherehani kutoka Iringa, akapelekwa hadi mlangoni kwake, na kuanzia hapo hawakuachana.

Mwaka haukuisha wakachumbiana. Rozalia, Mhehe, alishika desturi ya Wanyakyusa kuliko Wanyakyusa wenyewe: mchumba hakutani na baba mkwe, hasemi naye, hamtaji jina. Mzee Sedekia, baba yake Saulo, akikohoa tu uani, Rozalia keshakimbilia jikoni.

Ilibaki safari moja. Saulo na wajomba zake waende Iringa kupanga siku ya ndoa na mzee Kalinga, baba yake Rozalia, ambaye alikuwa amekubali kwa shingo upande. Rozalia alitakiwa kutangulia. Jioni kabla ya safari yake alimpelekea Damari, dada yake Saulo, gauni alilomshonea, na mzee Sedekia akatokea uani. Kutoka mafichoni jikoni, Rozalia alimwona baba mkwe, dereva wa malori miaka mingi, akipima mafuta ya giaboksi ya gari la Saulo. Injini imezimwa. Mzee akatikisa kichwa, akaingia chini ya gari, akayapunguza kwenye kopo.

Rozalia alishtuka, kisha akajituliza. Mzee huyu kaendesha magari kabla mimi sijazaliwa, aliwaza. Saulo hakuwepo, na asubuhi basi likaondoka na Rozalia.

Gari lilikata tamaa kwenye kilima karibu na Mafinga. Linanguruma, haliendi, linanuka kuungua. Saulo na wajomba zake wakahifadhiwa na wapasua mbao, na huko Iringa mzee Kalinga alingoja mpaka chakula kikapoa, akawaambia majirani warudi makwao.

Kesho yake Saulo alipiga simu misheni ya Iringa, sista akamwita Rozalia.

"Mpenzi, mafuta hayakuvuja. Chini pakavu kabisa. Kuna mtu kayatoa."

Rozalia alimtupia sista jicho.

"Damari alisema ulikuwepo uani."

"Nilikuwepo."

"Nani aligusa gari?"

Akisema, anamshtaki baba mkwe, tena mbele ya sista aliyesimama pale akisikiliza. "Siwezi kusema, Saulo."

"Huwezi, au ni wewe? Labda hukutaka nifike. Baba yako hanitaki, na wewe umegeuka."

Rozalia alirudisha simu mahali pake taratibu.

Saulo alirudi Mbeya na hasira zake, akazimwaga mezani mbele ya baba yake. Mzee Sedekia aliweka kijiko chini.

"Muache mtoto wa watu," alisema. "Mafuta nilipunguza mimi. Niliona yamezidi."

Saulo hakumaliza kula. Alipanda basi la Iringa, akamkuta Rozalia akitoka kanisani, kilemba cheupe, macho yamevimba.

"Nisamehe, mama. Baba kaniambia yote. Kumbe ulikuwa unamheshimu."

"Na kama baba asingesema?"

Saulo alimshika mkono.

"Gari ulilikagua kwanza ndipo ukalaumu," Rozalia alisema. "Mimi ulinilaumu bila hata kunikagua. Leo umenikuta sina kosa kwa sababu mwingine kakiri."

"Nitakuja na wajomba tena. Mzee Kalinga nitampigia magoti."

"Baba atakubali. Nimeshakuombea kwake jana, nikalia mpaka akalainika." Alimwangalia sana, kwa sababu alikuwa bado anampenda. "Mimi ndiye siwezi, Saulo. Nitaolewa nikae nikingoja siku ya kushukiwa tena."

Alimwachia mkono, akashuka mteremko na wanawake wenzake wa kanisa, akilia waziwazi bila kujificha kwa mtu.