Mwendo wa Kunyata

Jioni ile nilishuka kununua tumbaku na mkate mweusi. Upepo wa Bremerhaven, mji wetu wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, ulikuwa unavunja matawi. Niliporudi, umeme ulikuwa umekatika na mke wangu, Wiebke, alikuwa amewasha mshumaa. Kompyuta ilikuwa na betri, nikavaa hedifoni, nikarudi kwenye gemu langu la nyambizi.

"Kaka yako yuko baharini kweli na dhoruba yote hii," Wiebke akasema. "Wewe unazamisha meli za katuni?"

"Tjark? Shauri yake. Mama yetu alipokufa, hata kumzika hakuja."

Nilisema hivyo na nilimaanisha. Kinyongo kilikuwa kimenikaa rohoni.

Nilikuwa nimeuvizia msafara wa meli tangu juzi. Sasa nikaingia chini yake kwa mwendo wa kunyata: injini chini kabisa, hakuna kukohoa. Sisi tunaoipenda michezo hii hunyamaza hata sebuleni. Juu yangu manowari ya ulinzi ilikuwa inanitafuta kwa mawimbi ya sauti.

Ting... ting...

Nikasogeza sigara kwenye mshumaa, nikaiwasha.

"Enno! Una kichaa?" Wiebke alinong'ona. Kwetu, ukiwasha sigara kwa mshumaa, umeua baharia.

"Wako wengi," nikamjibu, nikaachia kombora.

Meli ikapasuka. Nikasikia chuma kikilia, maji yakiingia... halafu mtu anagonga. Ngo. Ngo. Ngo. Gemu lile halina sauti hiyo, naapa. Harufu ya dizeli ikajaa sebuleni.

Kioo kikazimika. Betri imekwisha.

Hedifoni haikunyamaza.

"Mdogo wangu... nyamaza. Atatusikia."

Sauti ya Tjark! Ndivyo alivyokuwa akinionya utotoni, tukijificha chini ya ngazi baba akirudi amelewa. Nikatulia tuli, kama zamani.

Simu yangu ikaita. Wiebke akaichungulia.

"Ni Tjark! Pokea, jamani!"

"Usipokee," sauti ikaninong'oneza sikioni. "Shhh..."

Nikamnyang'anya Wiebke simu, nikaikandamiza chini ya mto mpaka ikaacha kuita.

Asubuhi polisi wakabisha hodi. Meli ya Tjark imezama karibu na kisiwa cha Borkum. Wenzake wameokolewa, yeye alinaswa kwenye chumba cha injini, akazama nayo. Walisema aliweza kupiga simu moja tu.

Wiebke hasemi nami tena, na simlaumu. Kaka yangu alikuwa ananipigia kuniaga. Basi yule aliyekuwa sikioni mwangu alikuwa nani... na alijuaje kwamba nitamtii?